Watamu
Watamu ni mji mdogo wa pwani katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, kusini mwa Malindi, unaojulikana kwa matembezi na michezo ya baharini. Hifadhi yake ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968, ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Uvuvi humo umekatazwa. Wageni hupelekwa kwenye matumbawe kwa mashua zenye sakafu ya kioo, wakaogelea juu yake kwa miwani na mrija. Ratiba hufuata bamvua na maji mafu: maji yakipwa sana, visiwa vya mawe vya karibu hufikiwa kwa miguu. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, maji huwa maangavu. Kusi huleta mawimbi na mwani. Katika hori ya Mida watu hupita kwa mitumbwi kati ya mikoko.