Tarehe ya Vyombo na Vivuko vya Kusini mwa Ziwa Viktoria

Mkoa wa Shinyanga hauna pwani wala bandari, na mji wa Geita uko umbali fulani kutoka majini, lakini tarehe ya ubaharia wa kusini mwa Ziwa Viktoria haiwezi kuandikwa bila sehemu hizo, kwa kuwa vyombo vyake kadhaa vilifika ziwani kwa nchi kavu, vikibebwa mabegani mwa wapagazi. Kabla ya hapo Wazinza, Wakerewe na Wasukuma walikuwa na mitumbwi yao ya kupigwa makasia, na msafiri aliyekosa urafiki wao hakuvuka. Ndivyo ilivyompata John Hanning Speke, ambaye mwaka 1858 alipita Nindo na Salawe, katika Shinyanga ya leo, akaliona ziwa Agosti 3, na asipate chombo cha kumfikisha Ukerewe.

Henry Morton Stanley alijihadhari na jambo hilo kwa kuja na mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa kwa mbao za mwerezi na kukatwa vipande ili ibebeke kutoka Bagamoyo. Ilipounganishwa Kageye, mashariki ya Mwanza, iliondoka Machi 8, 1875, ikalizunguka ziwa kwa siku 57. Vitabu vingi humsifu mwenye mashua, ilhali sifa ya kwanza ni ya waliobeba mbao hizo kupitia Ugogo na Usukuma, ambao wengi wao hawakuandikwa hata majina. Kageye hiyohiyo ilikuwa makao ya Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani aliyeunda jahazi ziwani. Naye aliuawa Ukerewe Desemba 1877, pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill. Mwenzao Alexander Mackay, fundi kwa taaluma, alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1887, akawa anaunda chombo cha mvuke hadi alipofariki kwa malaria Februari 8, 1890.

Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, baada ya kupita Shinyanga, mizigo iliyokuwa ikibebwa kichwani ilihamia kwenye mabehewa na meli. Kilichobaki kikwazo ni Ghuba ya Mwanza, yaani mkono wa ziwa unaoingia kusini na kuitenga Misungwi na Sengerema, kwa kuwa njia fupi ya kutoka Mwanza kwenda kwenye dhahabu ya Geita hukatiza hapo, kati ya Kigongo na Busisi. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000, na katika kipindi hiki cha pili malori, mabasi, wachimbaji wadogo na wagonjwa wa rufaa walipanga foleni wakisubiri pantoni, jina la wenyeji kwa kivuko kipana cha kubeba magari. Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na gari likapita juu ya maji yale kwa dakika chache.

Daraja hilo, hata hivyo, halikufuta ubaharia. Katika mialo, yaani sehemu za ufukweni ambapo wavuvi huegesha vyombo na kuuza samaki, kama Nkome, maisha bado yanafuata mwezi na upepo: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi huwatawanya, na kwa kuwa nchi kavu hupoa usiku kuliko maji, upepo wa alfajiri huvuma kuelekea ziwani, kisha hugeuka mchana na kurudi nchi kavu. Huko Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, wageni hukodi boti kwa uvuvi wa sangara wa kujiburudisha.

Ubaharia huo uliobaki una hatari zake pia. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. MV Nyerere, iliyoruhusiwa kubeba watu 101, ilipinduka karibu na gati la Ukara Septemba 20, 2018, ikaua zaidi ya 220. Chanzo kinachotajwa katika misiba yote miwili ni kujaza kupita kiasi. Kwa hiyo mamlaka na wenye vyombo wa mialo ya Geita wanapaswa kuhesabu abiria kabla ya kung'oa nanga, na kumvalisha kila mmoja jaketi okozi.