Ahadi ni Deni: Historia Fupi ya Sears na Zana za Craftsman

Mwaka 2027 jina la Craftsman linatimiza miaka 100 katika biashara ya zana Marekani. Sears, Roebuck ya Chicago ililinunua mwaka 1927 kwa dola 500, na neno hilo, ambalo maana yake ni fundi stadi, likapigwa chapa kwenye spana, nyundo na misumeno yake kwa miaka 90. Mwaka 2017 Sears ikaliuza kwa takriban dola milioni 900. Kati ya bei hizo mbili ndimo ilimopanda na kushuka kampuni iliyowahi kuwa duka la taifa zima.

Mwanzoni iliuza saa. Richard Sears alikuwa wakala wa stesheni ya reli huko Minnesota alipoianza biashara hiyo mwaka 1886. Mwaka uliofuata alihamia Chicago, akamwajiri fundi saa aitwaye Alvah Roebuck, na kufikia 1893 majina ya wawili hao yalikuwa yamekwishaungana kuwa jina la kampuni. Wateja wao wengi walikuwa wakulima wa mbali, waliozoea kupangiwa bei na mwenye duka wa kijijini apendavyo. Katalogi iliwafikia kwa posta, bei zimeandikwa wazi, na asiyeridhika alirudishiwa fedha zake. Julius Rosenwald, aliyeingia mwaka 1895, ndiye aliyeweka utaratibu wa kutimiza maagizo yaliyokuwa yakimiminika.

Magari yalipoenea, mkulima akaweza kufika mjini mwenyewe. Jenerali mstaafu Robert Wood, mmoja wa viongozi wa Sears, aliliona hilo mapema, na mwaka 1925 Sears ikafungua duka lake la kwanza Chicago. Miaka miwili baadaye rafu za zana zikapata jina la Craftsman.

Zana zenyewe Sears ilizitengenezesha katika viwanda vya watu wengine. Ilichosimamia yenyewe ni ubora na ahadi. Katika miaka ya 1930 iliingia kwenye chuma kilichochanganywa kromu na vanadi, kigumu na kisichoshika kutu upesi, na zana za mkono zikaja kupewa dhamana ya maisha. Bisibisi ikikatika ncha au spana ikipasuka, mwenyewe aliipeleka dukani akapewa mpya, bila kudaiwa risiti wala kuulizwa aliinunua lini. Hata mtoto aliweza kubadilishiwa spana aliyorithi kwa babake.

Ukarimu huo ulikuwa na hesabu yake. Spana nzuri haivunjiki kila siku, na aliyekuja kubadilisha moja alipita mbele ya kabati zilizojaa nyingine. Gereji za nyumbani zilijaa hivyo, kipande baada ya kipande, na vyote vilikubaliana: soketi ya nusu inchi ya mwaka 1950 inaingia kwenye mpini wa racheti wa leo. Ahadi ni deni, na deni hili Sears iliweza kulilipa kwa sababu chuma hakikuidai mara nyingi.

Betri ni kiumbe cha tabia nyingine. Mwaka 1961 Black & Decker, kampuni ya Maryland, ilitoa drili isiyo na waya iliyotumia betri za nikeli na kadimi. Nguvu yake ilikuwa ndogo, na kwa miaka mingi fundi wa kazi nzito aliendelea kuburuta waya wake. Mgeuko mkubwa ulikuja mwaka 2005, Milwaukee na Makita walipoleta zana za betri za lithiamu, nyepesi kwa nguvu zilizonazo na zenye kutunza chaji hata zikikaa kabatini. Fundi akapanda ngazi bila kutafuta umeme wa ukutani.

Betri huchoka kadiri inavyochajiwa, kwa hiyo ni vigumu kwa muuzaji kuiwekea dhamana ya maisha. Tena humfunga mnunuzi. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya nyingine, hivyo aliyenunua drili leo, kesho hununua msumeno na mashine ya msasa za rangi ileile. Anachohitaji kujua ni kama betri hiyo itakuwa bado inauzwa miaka kumi ijayo.

Ryobi ililijibu hilo kwa vitendo. Mfumo wake wa volti 18, ulioanza mwaka 1996 na unaouzwa Marekani na Home Depot, umetunza umbo lilelile la betri, hata betri ya lithiamu ya leo inaendesha drili ya zama za nikeli. Craftsman ilikuwa na mfumo wa volti 19.2. Jina lilipopata mwenyewe mpya, zikaja betri za V20, ambazo haziingii kwenye mashine hizo. Wengi wakabaki na drili nzima isiyo na betri mpya ya ukoo wake.

Betri isibebeshwe lawama zote za kuanguka kwa Sears. Walmart ilikwishaipita Sears kwa mauzo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Home Depot, iliyofungua maduka yake ya kwanza Atlanta mwaka 1979, iliwavuta mafundi. Katalogi kubwa ilifungwa mwaka 1993, muda mfupi kabla ya watu kuanza kununua kwa intaneti. Mwekezaji Edward Lampert aliiunganisha Sears na kampuni ya maduka ya Kmart mwaka 2005, na maduka yakazidi kuchakaa. Mwaka 2009 hata jengo refu la Sears Tower lilibadilishwa jina. Oktoba 2018 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, imebakiwa na maduka kama 700 kati ya takriban 3,500 ya siku za muungano.

Aliyelinunua jina la Craftsman ni Stanley Black & Decker, mrithi wa kampuni ileile iliyotoa drili ya 1961. Leo zana hizo zinauzwa Lowe's, mmoja wa washindani wa zamani wa Sears, na zile za mkono bado zina dhamana ya maisha. Deni linaendelea kulipwa. Aliyeliweka ndiye amefunga karibu milango yake yote.