Ndoa Iliyomfungia Makeba Milango Marekani

Wengi wetu Afrika Mashariki tulimjua Miriam Makeba kupitia Malaika, wimbo wa kijana anayependa lakini mfukoni hana kitu. Alipourekodi na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, yeye alikuwa tayari kwenye ndoa ya tatu. Iliyomgharimu kuliko zote ilikuwa bado njiani.

Ya kwanza ilimkuta angali binti huko Johannesburg. Mumewe, James Kubay, alikuwa akisomea upolisi. Walimpata binti yao, Bongi, mwaka 1950, lakini kwa maelezo ya Makeba mwenyewe nyumba hiyo ilikuwa ya kipigo, akaondoka. Ya pili, na mwimbaji Sonny Pillay mwaka 1959, haikuchukua muda.

Mwaka huohuo alikwenda ng'ambo. Mamake alipofariki mwaka 1960 akataka kurudi kumzika, akakuta serikali ya makaburu imeifuta pasipoti yake. Msiba ule hakuuhudhuria. Marekani ikawa ndiyo kwao, na huko ndiko alikofunga ndoa mwaka 1964 na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta ambaye Makeba alimzidi miaka saba na aliyefahamiana naye tangu Johannesburg. Miaka miwili baadaye wakapeana talaka.

Kisha akatokea Stokely Carmichael, mzaliwa wa Trinidad, kijana aliyewatia kiwewe wakubwa wa Marekani kwa wito wake wa nguvu kwa watu weusi. Walioana mwaka 1968, na tafrija ikafanyika nyumbani kwa balozi wa Tanzania, Mount Vernon, jimbo la New York. Keki haijaisha, maonyesho yakaanza kufutwa moja baada ya jingine. Makachero wa FBI nao wakawa nyuma yake.

Hesabu hii hainiingii akilini. Mwaka 1963 Makeba alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa akaushitaki ubaguzi wa rangi wa kwao, na Wamarekani waliendelea kumshangilia. Mwaka 1967 Pata Pata ilikuwa ikichezwa redioni kote. Mwaka mmoja tu baadaye, bila kesi wala shitaka, akawa mtu wa kuogopwa. Alichobadilisha ni mume. Kumlaani kaburu wa mbali kulikubalika. Kulala nyumba moja na mtu anayeilaani Marekani yenyewe, hapana.

Wakahamia Guinea, kwa Rais Sékou Touré. Carmichael akajiita Kwame Ture, jina lililowaenzi Nkrumah na mwenyeji wao. Touré alimpa Makeba kazi ambayo naamini iliwakera waliomfungia majukwaa: ujumbe wa Guinea kwenye Umoja wa Mataifa, palepale New York.

Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1978. Mwaka 1981 aliolewa na Bageot Bah, mtu wa shirika la ndege. Siasa haikuwamo, na labda ndiyo maana waandishi huipita haraka. Pigo kubwa likaja 1985: Bongi, naye mwimbaji na mtunzi, alifariki baada ya matatizo ya uzazi, akazikwa Conakry. Makeba akahamia Brussels.

Kilichomrudisha mbele ya umati mkubwa wa dunia ni ziara ya Graceland ya Paul Simon, mwaka 1987. Kwenye jukwaa hilohilo alikuwapo Masekela na tarumbeta lake. Talaka yao ilikuwa imetimiza miaka 21, na walikuwa wakielewana vizuri kuliko walivyowahi kuelewana wakiwa mke na mume.