Jina na Kitu: Mfano wa PC Music

Aghalabu hudhaniwa kwamba jina la sanaa huzaliwa pamoja na sanaa yenyewe. Historia ya PC Music yakanusha dhana hiyo. Kikundi hiki kilianzishwa London mwaka 2013 na A. G. Cook, nacho kilieneza nyimbo zake, zikiwemo za Hannah Diamond, bila malipo kwa njia ya intaneti. Sauti zilikwezwa kwa kompyuta, na mahadhi yakafanana na matangazo ya biashara. Jina "haipapopu" lilivuma baadaye, kampuni ya Spotify ilipoiita hivyo orodha yake ya nyimbo mwaka 2019. Kikundi kilikoma kutoa kazi mpya mwaka 2023. Hivyo, mhakiki aanzaye na jina humpa mfanyabiashara ubunifu wa wasanii, na miaka 6 ya chimbuko humpotea.