Ndugu wa Ng'ambo Mbili za Ruvuma

Katika mwaka huu wa jubilei yafaa tujibu swali ambalo vijana wetu huuliza: Mmakonde ni mtu wa upande gani wa Ruvuma?

Mpaka wenyewe si wa zamani sana. Mwaka 1886 Wadachi na Wareno walipatana kwamba mto ugawe nchi zao. Wazee wetu hawakuulizwa. Hata hivyo hawakutulia. Mwaka 1894 Wadachi walitwaa Kionga, kusini ya mto; mwaka 1916 Wareno wakaitwaa, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawapa. Basi mzee wa Kionga alibadilishiwa bendera, naye hakuhama nyumbani kwake.

Kwa wazee mto ulikuwa njia. Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuwa na ndugu ng'ambo zote mbili, wakivuka kwa mitumbwi, na wakati wa kiangazi penye maji machache kwa miguu. Tena wengi walivuka kuja kaskazini wakikimbia kazi ya lazima ya Wareno, wakaajiriwa katika mashamba ya katani. Huku waliitwa Wamavia, wakadharauliwa kwa ajili ya chale na ndonya zao. Nao waliowacheka walisahau kwamba bibi zetu wa Newala walivaa ndonya vile vile!

Waliofika mbali zaidi, hata Kwale, waliishi miaka mingi bila kitambulisho, wao na watoto wao waliozaliwa huko, hata serikali ya Kenya ilipoagiza mwaka 2016 wapewe. Tazameni basi neno "mgeni" lilivyo zito.

Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, hakulitupa jando. Alilitia sala, ili kijana awe Mkristo bila kuacha kuwa mtu wa kwao. Hapo twajifunza: mtu hujulikana kwa lugha, malezi na ukoo wake, wala si kwa bendera.

Vita vya kudai uhuru vilipoanza Msumbiji mwaka 1964, wakimbizi wengi walivuka, wakapokewa na ndugu zao. Uhuru ulipatikana mwaka 1975, na mwaka 2010 Daraja la Umoja likafunguliwa.

Walimu, mtoto wa ng'ambo akija shuleni, mwulizeni kwanza jina la ukoo wake. Huenda mkakuta ni ukoo wenu.