Kizibo cha Bafu Kilivyopewa Kazi ya Tangi

Kizibo cha mpira cha hodhi la kuogea kiliundwa kushika maji kwa nusu saa hivi. Mtu ajaze, aoge, avute mnyororo, maji yaende zake. Katika nyumba za Kansanga na vilima vinavyouzunguka mtaa huo kwenye barabara ya Gaba, kusini-mashariki mwa Kampala, kifaa hichohicho kimetakiwa kushika maji usiku kucha, pengine hadi kesho yake jioni. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kizibo chake hakishiki, mara nyingi analalamikia kifaa kilichotwishwa kazi isiyo yake, na chanzo cha shida hiyo kiko zaidi kwenye historia ya maji ya jiji kuliko kwenye mpira wenyewe.

Maji ya bomba ya Kampala hutekwa Ziwa Viktoria. Mtambo wa kwanza wa Gaba ulianza kazi karibu na mwaka 1930, na maji yake husukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya kilima cha Muyenga, pua na mdomo na Kansanga, kisha hushuka mjini kwa uzito wake yenyewe. Hodhi la kuogea lililetwa na Waingereza kwenye nyumba za maofisa, na lilikuja na imani kwamba ukifungua bomba saa yoyote maji yatatoka. Imani hiyo iliyumba miaka ya 1970. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka liliundwa mwaka 1972, mwaka uleule Idi Amin alipowafukuza Waasia, ambao ndio waliokuwa wameshika sehemu kubwa ya biashara ya mjini, maduka ya vifaa vya ujenzi yakiwemo. Vikaja vita vya 1979 vilivyomng'oa Amin, kisha vita vya msituni vilivyokwisha Januari 1986. Pampu zilichakaa, spea zikaadimika, na maji yakawa ya kuvizia. Mtambo wa pili wa Gaba ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wa tatu mwaka 2007, lakini jiji nalo halikukaa kuisubiri mitambo. Mwenye hodhi alifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: maji yakitoka, alijaza hodhi na kuoga kwa beseni pembeni.

Kwa watu wa pwani hilo si jambo geni. Birika la msikitini huhifadhi maji, watu huyachota kwa kata, na hakuna anayelala ndani yake. Tofauti ni kwamba mjenzi wa birika alijua tangu mwanzo kwamba anajenga chombo cha kuhifadhia. Mjenzi wa hodhi la Kizungu hakuwa na wazo hilo. Tupige hesabu. Kizibo kinachovujisha mililita 100 kwa dakika hupoteza lita mbili kwa dakika ishirini za kuoga, na hakuna atakayeona. Kwa saa nane za usiku hupoteza lita 48, zaidi ya jerikeni mbili zile za njano za lita 20. Mvujo ni uleule, ila wa kwanza haumsumbui mtu na wa pili unaiacha familia bila maji ya asubuhi.

Kuna atakayesema kwamba wakazi wengi wa Kansanga hawana hodhi hata kidogo, wanaoga kwa beseni. Ni kweli, lakini sinki la vyombo na la kunawia hufungwa kwa kizibo cha aina hiyohiyo, na mgao wa maji hulijaza vilevile. Mwingine atasema siku hizi kila ploti ina tangi la plastiki, basi hodhi limepumzika. Huyu ana hoja nzito zaidi. Hata hivyo kupumzika nako kuna gharama yake: mpira unaokaa mkavu miaka hukakamaa na kupasuka, na siku tangi likiisha ndipo kizibo kinaitwa kazini kikiwa kibovu.

Wa tatu, naye ndiye wengi humsikiliza, atasema nunua kipya. Hapo historia inarudi kwa mlango wa nyuma. Vifaa vya Kiingereza vilipimwa kwa inchi: tundu la hodhi kwa kawaida ni inchi moja na robo tatu, la sinki la kunawia ni moja na nusu. Vinavyoingia sasa kutoka China na kwingineko mara nyingi hupimwa kwa milimita. Kizibo cha milimita 45 huenda kikakaa kwenye tundu la zamani na bado kikaacha mwanya usioonekana kwa macho. Pima tundu kwanza, ndipo uende dukani.

Hata kabla ya kupima, jua maji yanapita wapi. Tandika kipande cha kaveera, yaani mfuko wa plastiki, chini ya kizibo, kikandamize, ujaze. Maji yakitulia, kosa ni la mpira au la ukingo wa tundu. Sugua ukingo kwa ndimu utoe gundi ya sabuni, kisha jaribu tena. Yakiendelea kushuka hata kaveera ikiwepo, yanapita chini ya pete ya chuma, ambako lakiri ya fundi wa zamani imekauka, na hakuna kizibo duniani kitakachotibu hilo. Pete ifunguliwe na kuwekwa silikoni. Usipake mpira mafuta ya mgando ya petroli. Yanalainisha kwa wiki chache, kisha mpira wa asili huvimba na kuoza.

Kina cha maji nacho kina neno. Kizibo chenye upana wa milimita 45 chini ya maji ya sentimita 30 hukandamizwa na uzito wa karibu nusu kilo. Yakibaki sentimita tano, haufiki gramu 80. Ndiyo maana kizibo kisichokaa sawasawa huachia zaidi pale maji yanapokaribia kwisha. Kwa anayeweka akiba ya kesho, pipa la lita 100 lisilo na tundu chini ni fedha iliyotumika vizuri kuliko kizibo cha tatu.