Ukuta wa kuzuia udongo wenye jiogridi: mambo ya kujua kabla ya mvua

Ikiwa nyumba yako iko chini ya mteremko, au juu yake, makala hii inakuhusu. Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Pemba hadi Mocímboa da Praia na Palma, ina mchanga mwingi, na sehemu nyingi ni ule mchanga mwekundu unaoujua. Ukiwa mkavu husimama wima hadi ukadhani ni mwamba. Ukilowa, unateremka. Kimbunga Kenneth kilipoingia nchi kavu tarehe 25 Aprili 2019, upepo ndio ulioangusha nyumba kwanza, lakini mvua za siku zilizofuata ndizo zilizofurika mitaa ya Pemba na kuchimba makorongo. Baadaye familia nyingi zilizokimbia mapigano, zikiwemo zilizotoka Palma baada ya shambulio la Machi 2021, zilijenga pale palipobaki nafasi. Mara nyingi palipobaki ni mteremkoni.

Ndiyo maana unaweza kusikia mafundi na wahandisi wakitaja jiogridi, na pengine ukaona marobota yake meusi kwenye eneo la ujenzi wa barabara au shule.

Jiogridi ni nini?

Ni wavu mgumu wa plastiki wenye matundu makubwa, unaolazwa ndani ya udongo tabaka kwa tabaka. Mchanga ukibanwa hubeba mzigo mkubwa, lakini ukivutwa hauna nguvu yoyote, unaachana tu. Plastiki ni kinyume chake: haiwezi kubeba nyumba, lakini ni ngumu kuikata kwa kuivuta. Mchanga na kokoto vinapoingia kwenye matundu na kushindiliwa, viwili hivyo vinashikana na kuwa kitu kimoja.

Wazo lenyewe ni la zamani. Anayechanganya majani makavu kwenye udongo wa kukandika nyumba analijua. Kule Iraki, mnara wa kale wa Aqar Quf, wenye zaidi ya miaka 3,000, ulijengwa kwa matofali ya udongo yaliyotenganishwa kwa mikeka ya matete. Katika miaka ya 1960 mhandisi Mfaransa Henri Vidal alitumia kanda za chuma badala ya matete, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Brian Mercer wa Uingereza akaleta nyavu za plastiki ngumu. Faida yake kwetu watu wa pwani ni kwamba plastiki haishiki kutu kwa chumvi.

Ukuta ni ule usiouona

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawaambiwi. Matofali au mawe unayoyaona mbele ni ngozi tu. Ukuta halisi ni bonge zima la udongo lililoko nyuma yake, lenye nyavu ndani. Kwa kawaida kila wavu huingia nyuma kwa angalau asilimia 70 ya kimo cha ukuta, na mara nyingi zaidi. Kwa ukuta wa kimo cha mita 3, basi, zaidi ya mita 2 za ardhi iliyo nyuma ni sehemu ya ukuta, hata kama juu yake kuna uwanja mtupu ambapo watoto wanacheza mpira.

Kwa hiyo usichimbe choo cha shimo hapo. Usichimbe shimo la taka, wala usisimamishe nguzo ndefu. Jembe likikata nyavu mbili au tatu, aliye juu haoni kitu, na aliye chini atajua siku ya mvua. Kama ukuta umejengwa mtaani kwenu, waombeni wajenzi waonyeshe nyavu zinaishia wapi, kisha wekeni alama za mawe. Jadilini pia mapema, pamoja na wenyeji wenye ardhi, ni kiwanja cha nani kinapunguzwa na atapewa nini. Nimeona mazungumzo hayo yakiachwa hadi ukuta umekwisha, na yakawa magumu zaidi kuliko ujenzi wenyewe.

Adui ni maji

Fanya hesabu hii. Mchanga mkavu ulioshindiliwa husukuma ukuta wa kimo cha mita 1 kwa nguvu ya takriban uzito wa kilo 300 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Kimo kikiwa mita 2, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nne: kama kilo 1,200. Sasa nyuma ya ukuta huo wa mita 2 maji yakijaa bila pa kutokea, nguvu inapita kilo 2,600. Ukuta ni uleule, udongo ni uleule.

Kwa hiyo nyuma tu ya uso wa ukuta huwekwa kokoto safi, unene wa kama sentimita 30, na chini yake bomba lenye matundu la kutoa maji nje. Juu huchimbwa mfereji wa kuyageuza maji ya mvua kabla hayajafika ukutani. Niliwahi kuonyeshwa ukuta ambao kokoto zake ziliachwa ili kupunguza gharama. Msimu wa kwanza ulipita salama. Msimu wa pili ukuta ulivimba katikati kama tumbo, na familia mbili zikahamishwa usiku.

Ukiajiriwa kwenye ujenzi

Vijana wengi hupata kibarua kwenye kazi hizi, na ubora uko mikononi mwenu. Aina nyingi za jiogridi za kuta zina upande mmoja wenye nguvu. Upande huo lazima uelekee kutoka usoni kwenda ndani, siyo sambamba na ukuta. Mwulize msimamizi kabla ya kukata. Usiunge vipande viwili kwa kuelekea huko ndani. Vuta wavu unyooke, kwa sababu mkunjo mdogo ni ukuta utakaosogea baadaye. Mwaga mchanga au changarawe, siyo udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, na ushindilie kila unene wa sentimita 15 hadi 20. Karibu na uso, umbali wa mita 1, tumia kifaa chepesi cha mkono, maana mashine nzito husukuma matofali nje. Wavu mwingine hufuata kila baada ya sentimita 40 hadi 60, kwa kadiri ya mchoro. Marobota yafunikwe, kwa sababu jua letu huchosha plastiki.

Je, nyavu za kuvulia zinafaa? Swali hili huulizwa kila mara, na jibu ni hapana. Nailoni hunyumbuka sana, mafundo huteleza, na wavu uliochakaa baharini hauna nguvu iliyobaki. Chandarua ndiyo kabisa.

Kwa ngazi ndogo zisizozidi mita 1, na zisizo na nyumba karibu, huhitaji jiogridi. Mawe yaliyopangwa kwa kuinamia mlima, au viroba vya mchanga vilivyopangwa kwa kurudi nyuma kidogo kidogo na kukandikwa udongo visipigwe na jua, vinatosha, hasa ukipanda nyasi za vetiva juu yake. Zaidi ya hapo, au kukiwa na mtu anayelala chini yake, mhandisi lazima apime udongo na kuchora.

Katika msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, pita ukutani baada ya kila mvua kubwa. Tazama kama umevimba, kama kuna ufa ardhini juu yake ulio sambamba na ukuta, kama bomba limeacha kutoa maji wakati kumelowa, au kama maji yanayotoka yamebeba mchanga. Ukiona lolote kati ya hayo, watoe watu walio chini kwanza, hata kama ni usiku, kisha ndipo uwaarifu viongozi wa mtaa.